Dawa Iliyoitwa ya Kifua

Redio ya Mzee Elungat ilipoanza kusoma taarifa ya saa kumi na mbili asubuhi, Atyang alikuwa amekwisha kuteka maji, amefagia uwanja na kuepua uji mekoni. Ndivyo siku zilivyoanza nyumbani kwao Moding, shule ziwe zimefunguliwa au zimefungwa. Babu alipunguza sauti ya redio, akainama kwa taabu, akavuta sanduku la mbao kutoka chini ya kitanda na kutoa kopo jeupe la plastiki. Alimpa Atyang, mjukuu wake wa kike, kidonge kimoja na kikombe cha maji, kisha akasimama mbele yake, mikono nyuma, mpaka aone kwamba kidonge kimemezwa.

Kopo lile halikuwa na maandishi. Babu alikuwa na desturi ya kuibandua karatasi yake siku ileile alipolileta nyumbani na kuitia motoni. Kila Atyang alipouliza ni dawa ya nini, jibu lilikuwa lilelile tangu akiwa na umri wa miaka minne. Ilikuwa dawa ya kifua. Alizaliwa na kifua kibaya, na siku kitakapopona, dawa nayo itakoma.

Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa gredi ya saba. Waliishi wawili tu, yeye na babu, wakilima muhogo, wimbi na njugu kwenye kipande chao cha ardhi. Baba yake, aliyekuwa fundi wa magurudumu huko Malaba, alifariki kabla Atyang hajajua kutembea. Mama yake, Ajiko, ndiye aliyekuwa mtoto wa pekee wa Mzee Elungat. Alirudi kwao Moding na mtoto mgongoni, akaugua, akafa. Zaidi ya hapo babu hakusema, na Atyang alijifunza kutouliza, maana akiuliza, babu alitoka nje akatafuta kazi ya kufanya hata kama kazi haikuwapo.

Kila baada ya miezi mitatu walikwenda Amagoro kuchukua dawa. Zahanati ya karibu ilikuwapo, lakini babu hakutaka kuchukua dawa mahali ambapo majirani wangeweza kumwona. Alimpakia Atyang kwenye baiskeli, wakaenda mwendo wa saa nzima na zaidi. Ujanani Mzee Elungat alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli pale Malaba, akiwavusha mpaka na kuwarudisha, na watu wa rika lake bado walimtania kwamba yeye alikuwa pikipiki kabla pikipiki hazijaja. Lakini magoti yake yalikuwa yamechakaa.

Mwezi wa pili mwaka huo, wakitoka Amagoro, goti lilimsaliti kwenye mwinuko. Baiskeli iliyumba, wakaanguka wote wawili kando ya barabara. Atyang aliinuka akajipangusa. Babu hakuinuka upesi. Aliketi majanini, ameshika goti kwa mikono miwili, macho ameyafumba, na malori ya kwenda mpakani yakawapita moja baada ya jingine yakiwamwagia vumbi. Baadaye walikokota baiskeli kwa miguu mpaka nyumbani, na njia nzima babu alikuwa akichechemea huku akisema si kitu.

Siku hiyo Atyang aliwaza jambo. Alikuwa akicheza mpira wa pete alasiri nzima bila kukohoa hata mara moja. Hakukumbuka hata siku moja ambayo kifua kilimuuma. Bila shaka alikuwa amepona, ila babu hakuwa ametambua. Kama angeacha dawa kwa miezi michache akabaki mzima, angemwonyesha babu kwamba kifua kimepona, na safari za Amagoro zingekwisha. Angemwambia wakati huo, si sasa, kwa sababu sasa angekatazwa.

Kuanzia kesho yake alikiweka kidonge chini ya ulimi. Alikunywa maji, akafungua kinywa, babu akaridhika. Kisha alikwenda chooni akakitema shimoni. Mara ya kwanza alitazama huku na huku kabla ya kutema. Baada ya wiki mbili alifanya hivyo kama anayefunga kamba za viatu.

Mwezi wa tatu ukapita, wa nne ukapita, naye alikuwa mzima. Alianza hata kuhesabu wiki zilizobaki kabla ya kumwambia babu. Lakini mwezi wa sita ngozi ya mikono ilianza kumwasha na kutoka vipele. Homa zikaanza kuja na kuondoka. Babu alimpeleka zahanati, wakapima malaria, wakasema hakuna. Wakarudi, wakapima tena, hakuna. Mwezi wa saba kinywa chake kilijaa utando mweupe, na chakula kikawa kama makaa ulimini. Sketi ya shule aliifunga kwa pini kiunoni, baadaye kwa pini mbili. Mwalimu wa michezo alimtoa kwenye timu bila kumgombeza.

Kule Amagoro walimtoa damu. Wakamwita babu ndani peke yake, akatoka uso umemshuka. Baada ya miezi mitatu walimtoa damu tena, na safari hii babu alikaa ndani muda mrefu zaidi. Kupitia mlangoni Atyang alimsikia akiapa kwamba mtoto anameza dawa kila siku, kwamba anamsimamia kwa macho yake mwenyewe, na kwamba hawezi kudanganya mbele ya Mungu. Atyang aliinamisha kichwa. Wazo la kusema ukweli lilimjia, likaondoka. Alijiambia kwamba labda kifua kilikuwa kimerudi kwa sababu nyingine.

Kutokana na majibu hayo walielekezwa kwenye kituo kidogo cha utafiti kilichokuwa na ofisi zake hapo Amagoro, nyuma ya soko. Huko walipokewa na muuguzi aliyeitwa Winny, mwanamke mnene wa sauti ya chini, mwenyeji wa Matayos. Kwa kuwa hakujua Kiteso, lugha ya kwao kina Atyang, walizungumza Kiswahili. Winny alimpima Atyang uzito na urefu, akaandika, kisha akamwomba asubiri nje kwenye benchi huku akizungumza na mzee. Dirisha lilikuwa wazi, na benchi lilikuwa chini ya dirisha.

Winny alieleza taratibu. Kuna watoto, alisema, ambao wanameza dawa vizuri lakini dawa hiyo imeshindwa kuwasaidia. Madaktari wanatafuta watoto kama hao wapewe dawa gani baada ya hiyo. Hawajui bado ipi ni bora kati ya aina mbili, kwa hiyo wanazilinganisha hapa kaunti ya Busia na katika nchi nyingine, na kila mtoto anafuatiliwa kwa karibu miaka miwili. Hakuna anayelazimishwa. Mlezi anatia sahihi, na mtoto mkubwa naye anakubali au anakataa kwa kauli yake.

Babu alisema yuko tayari, wamletee karatasi. Kisha Winny akauliza Atyang anajua nini juu ya ugonjwa wake.

Babu akasema kwa sauti ndogo kwamba mtoto anajua ana kifua.

"Mzee, hatuwezi kumwandikisha mtoto wa miaka kumi na miwili kwenye utafiti asiojua unahusu nini," Winny alisema. "Huko kutakuwa kumtumia."

"Dada, nakuomba. Mwandikie tu kifua. Atakubali. Huyu ananitii."

"Najua atakutii. Ndiyo maana siwezi."

Alimpa babu wiki moja. Alimwambia kwamba akitaka, yeye mwenyewe atakuwapo wakati wa kumwambia, au mzee azungumze naye nyumbani kwanza. Babu alichagua nyumbani. Alipotoka nje alimkuta Atyang amesimama mbali na benchi, akiangalia kuku wa watu. Walipanda baiskeli wakarudi Moding.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu, Jumamosi, walikuwa wameketi uwanjani wakibambua njugu, ungo uko katikati yao. Babu alibambua njugu moja, akaishika mkononi, hakuitupa kwenye ungo.

"Huna kifua," alisema. "Hukuwa na kifua hata siku moja."

Alimwambia ana virusi vya UKIMWI. Alivipata kwa mama yake, ama wakati wa kuzaliwa ama kwa maziwa, na wakati huo mama yake hakujua kwamba anavyo. Alivipata mama kwa mume wake, na mume naye labda hakujua. Dawa ile ilikuwa ya kuvituliza virusi visiharibu mwili. Mtu akiimeza kila siku anaishi, anasoma, anazeeka. Asipoimeza, virusi vinaamka.

Atyang aliacha kubambua. Darasani walifundishwa habari za UKIMWI, na kulikuwa na picha kwenye kitabu, lakini picha ile ilikuwa ya watu wengine. Aliuliza swali moja tu: kwa nini babu hakumwambia.

Babu alianza na Ajiko.

Binti yake aliporudi kutoka Malaba, alisema, alimweleza baba yake ukweli siku ya kwanza. Alidhani nyumbani ndipo mahali pa kusemea. Naye Elungat aliogopa. Hakumfukuza, lakini alimtengea sahani, akamtengea kikombe, akamwambia alale jikoni na mtoto wake, asije akawaambukiza watu wanaoingia nyumbani. Wageni wakaona sahani, wakaelewa. Kijiji kikaelewa. Ajiko akaona aibu hata kwenda kuchukua dawa, kwa sababu kila aliyemwona njiani alijua anakokwenda. Akaacha kwenda. Alikuwa akipungua mbele ya macho ya baba yake, na baba yake akangoja mpaka alipokuwa hawezi kusimama ndipo akamweka kwenye baiskeli. Walifika Amagoro akiwa amekwisha kukata roho.

"Muuguzi wa huko aliniambia hata sahani hazikuwa na hatia," babu alisema. "Ugonjwa huu hauendi kwa sahani. Nilimtenga mtoto wangu bure. Baadaye wakakupima wewe. Nikaapa hakuna mtu atakayekutengea sahani, kwa hiyo hakuna mtu atakayejua, hata wewe."

Machozi yalimshuka kwenye ndevu zake nyeupe wala hakuyafuta. Atyang hakuwahi kumwona babu akilia. Alitaka kumshika mkono, lakini mkono wake haukuinuka. Kilichokuwa kikimzunguka kichwani ni shimo la choo na vidonge alivyovitema kwa miezi minane, kimoja baada ya kingine. Aliinuka, akaingia ndani, akalala kifudifudi.

Kwa siku tatu hakusema na babu. Alimchukia kwa sababu ya kopo lisilo na maandishi. Alimchukia zaidi kwa sababu ya sahani ya mama yake, na kwa sababu, kama angeambiwa ukweli, asingetema hata kidonge kimoja. Lakini kila asubuhi babu alipomnyooshea kidonge alikichukua, na safari hii alikimeza kweli, akakisikia kikishuka. Siku ya nne alimwona babu akihangaika kufunga goti kwa kitambaa ili aende shambani. Alimfungia, wakaenda pamoja.

Kuhusu vidonge alivyovitema alinyamaza. Alijishauri kwamba jambo limekwisha. Sasa anameza, na kule kituoni watampa dawa mpya, basi ya nyuma yana haja gani? Tena babu alikuwa amekwisha kuapa. Kusema ukweli kungekuwa kumfanya mzee mwongo mbele ya watu.

Wiki ilipotimia walirudi kituoni. Pamoja na Winny alikuwapo daktari wa utafiti, Daktari Okwara, kijana mwenye miwani aliyewaamkia kwa heshima na kuvuta kiti chake akae karibu na Atyang badala ya kukaa nyuma ya meza. Winny alimuuliza kama ameambiwa. Atyang akaitikia. Akamuuliza kama ana swali, akatikisa kichwa. Winny hakumharakisha. Alimwambia kwamba watoto wengi alionao wamepitia siku kama zile alizozipitia yeye, na kwamba kulia si kosa.

Kisha Winny alihesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo walilokuja nalo. Idadi ilikuwa sawasawa. Daktari akachukua karatasi.

"Kwa miezi hii iliyopita, Atyang amekosa dawa siku ngapi?" aliuliza.

"Hakuna hata moja," babu alijibu upesi. Alikuwa ameketi wima, kofia magotini, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi uso wake ulikuwa na matumaini. "Mimi namsimamia, daktari. Akikosa, nimekosa mimi."

Daktari aliandika. Alisema kwamba kwa hali hiyo ni wazi dawa ya sasa imeshindwa, na Atyang anafaa kuingia kwenye utafiti. Kisha akamgeukia yeye, akamuuliza anaelewa nini kuhusu kazi wanayoifanya. Atyang alijibu kwamba wanatafuta dawa. Daktari akamwomba amweleze zaidi, naye akashindwa.

Kwa hiyo Daktari Okwara alimwuliza babu analima nini. Akasikia wimbi, akafurahi, maana kwao nako walilima wimbi. Akamwambia Atyang afikirie mbegu. Mtu analeta mbegu mpya kwa wakulima mia, anawaomba waijaribu wamwambie imeotaje. Mkulima mmoja haipandi, anaitupa, kisha anasema haikuota. Mwenye mbegu ataandika kwamba mbegu ni mbovu. Wakifanya hivyo wachache tu, mbegu nzuri inatupwa, na watu wasiomjua mkulima yule, walio mbali kabisa, wanakosa mavuno.

"Sisi hatuna macho ya kuona ndani ya nyumba za watu," alisema. "Tuna neno lenu tu. Dawa unayoimeza wewe leo ilijulikana inafaa kwa sababu kuna watoto waliokubali kupimwa, na wazazi wao wakasema kweli. Wengine wao hawakuishi kuiona."

Winny alimwekea karatasi mbele na kalamu juu yake. Kupitia mlango uliokuwa wazi Atyang alimwona mwanamke mmoja barazani akimpepea binti yake mdogo kwa khanga. Mtoto alikuwa amelala, shingo imelegea, mkono mwembamba unaning'inia. Atyang hakujua anaumwa nini. Alijiuliza tu kama mama yule naye atapewa jibu lililotokana na karatasi hii.

Aliishika kalamu, akaiweka chini.

"Mimi sikuipanda," alisema.

Hakuna aliyemwelewa. Babu alimwangalia kama mtu aliyesikia vibaya. Ndipo Atyang alipoeleza, akiitazama sakafu. Alisema juu ya ulimi, na choo, na mwezi wa pili walipoanguka na baiskeli. Alisema alidhani kifua kimepona. Alisema alitaka babu apumzike. Alipofika mwisho Winny alilazimika kumwinamia ili asikie.

Babu alikuwa ameikunja kofia yake mpaka ikawa kama tambara. Atyang alingoja agombezwe. Alingoja hata kofi, ingawa babu hakuwahi kumpiga.

"Nilikuficha ili nikulinde," babu alisema mwishowe, polepole. "Nawe ukanificha ili unipumzishe. Kila mmoja alikuwa anampenda mwenzake, na nusura tuzikane."

Akamwomba radhi daktari kwa kiapo alichokula. Daktari Okwara alisema mzee hakudanganya, alisema alichokiona. Kisha alipiga mstari juu ya karatasi aliyokuwa ameiandika na kuwaeleza kwa upole kwamba Atyang hawezi kuingia kwenye utafiti ule. Ule ulikuwa wa watoto ambao dawa imeshindwa kuwasaidia, na kwake dawa haikupewa nafasi ya kushindwa wala kufaa. Atarudi kliniki yake ya kawaida, aendelee na kidonge kilekile, ila safari hii akimeze. Lakini hakuweza kuwaahidi kitu. Virusi vikiachwa muda mrefu huweza kuizoea dawa, na lazima wangoje damu iseme.

Kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko ugonjwa wenyewe. Homa mbili zaidi zilikuja. Kwa wiki nzima Atyang hakuweza kwenda shule, na mitihani ya mwisho wa mwaka alifanya nusu tu. Nyakati nyingine alimkuta babu amesimama mlangoni pa jiko la zamani, mahali Ajiko alipolala na kuugua. Atyang alianza kumuuliza habari za mama yake, naye babu hakutoka nje tena kutafuta kazi. Alijibu. Alisema Ajiko alipenda kuimba kanisani lakini sauti yake ilikuwa mbaya. Alisema alikuwa na kicheko kikubwa. Mengine yalimwumiza kuyasema, akayasema hivyohivyo, na jioni wote wawili walikuwa wamechoka kama waliotoka kulima.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya damu ilisema. Virusi vilikuwa vimeshuka sana. Dawa bado ilifanya kazi. Utando ulikuwa umekwisha kinywani, na pini ya sketi ilibaki moja. Winny, ambaye hakuwa na lazima ya kuja, alivuka kutoka kituoni mpaka kliniki ili asikie mwenyewe. Alimkumbatia Atyang, kisha akamwomba babu jambo moja. Ijumaa ya wiki ile kituo kilikuwa kimewaita walezi wa watoto kuwaeleza juu ya utafiti, na wengi wao walikuwa hawajawaambia watoto wao ukweli. Yeye alikuwa amewaeleza mara nyingi, lakini labda wangemsikiliza mzee.

Babu alikataa. Njiani kurudi Moding alikataa tena, ingawa hakuna aliyemwuliza. Alhamisi alimwambia Atyang kwamba hatasema neno lolote ikiwa yeye hataki habari zake zijulikane. Atyang aliwaza siku nzima, kisha akamjibu kwamba aseme, mradi asitaje jina lake, habari zisije zikafika shuleni.

Ijumaa hiyo walezi walikuwa kama ishirini, wengi wao wanawake, wameketi kwenye viti vya plastiki. Mzee Elungat alisimama, akajitambulisha.

"Binti yangu aliitwa Ajiko," alisema. "Alikufa kwa UKIMWI. Sijawahi kusema hivyo mbele ya watu. Aliniambia ukweli, nami nikampa sahani ya peke yake. Kwa hiyo alikufa kwa UKIMWI na kwa mimi."

Aliwaeleza yote, pamoja na habari za mjukuu aliyetema dawa kwa miezi minane kwa sababu alidanganywa ni ya kifua. Watu hawakupiga makofi. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma aliinua mkono, akauliza kwa sauti ya kukwaruza: mtoto akiambiwa, hatamchukia aliyemwambia?

"Alinichukia siku tatu," mzee alijibu. "Ningeomba Ajiko naye awepo anichukie hata miaka thelathini."

Mwanamke yule alijifunika uso kwa khanga. Mzee Elungat akamalizia, akiwatazama mmoja mmoja, na mwisho akamtazama Atyang aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Waambieni watoto ukweli wakiwa bado wazima. Na mtoto naye, akikosea, aseme mapema, hata kama inamwaibisha, kwa sababu daktari anatibu kile alichoambiwa. Huyu wangu alisema akachelewa kidogo, na tuliteseka. Mama yake alisema mapema, ila hakupata mtu wa kumsikiliza. Mtu akiwaambia kweli, msikilizeni. Hilo ndilo mimi sikulifanya."

Akaketi. Atyang alipita katikati ya viti, akaenda kukaa karibu naye.